Kiangazi cha Uvira: upepo, ndagala na maisha ya mwambao wa kaskazini wa Tanganyika

Kiangazi cha Uvira huanza katikati ya Mei, mvua za mwisho zinapokatika, na humalizika Septemba, mawingu yanapoanza kukusanyika tena juu ya safu ya Mitumba. Katika miezi hiyo upepo hutoka kusini, vumbi hutanda barabarani, ziwa hurudi nyuma na kuacha mchanga wazi, na usiku huwa wa baridi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wiki za mwisho, kuanzia katikati ya Agosti, ndizo zenye shughuli nyingi zaidi. Ndipo ndagala, samaki wadogo wa ziwa, huanikwa kwa wingi, matofali huchomwa, mashamba hufyekwa na watoto hujiandaa kurudi shuleni. Historia ya mji huu, tangu mitumbwi ya wafanyabiashara wa karne ya 19 hadi vyombo vya uvuvi vya leo, haieleweki vizuri bila kuielewa miezi hiyo mikavu.

Mji na majira yake

Uvira uko digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki ni ziwa, na ng'ambo yake taa za Bujumbura huonekana usiku. Upande wa magharibi milima hupanda ghafla kuelekea nyanda za juu za Itombwe, ambako vilele hupita meta 3,000, ilhali ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha meta 770 hivi. Kati ya mlima na maji umebaki ukanda mwembamba wa nchi tambarare, na mji umejinyoosha humo kutoka Kavimvira upande wa kaskazini hadi bandari ya Kalundu upande wa kusini. Mito mifupi yenye kasi, ikiwamo Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, hushuka kutoka milimani na kuukata mji vipande vipande. Kaskazini zaidi ukanda huo hupanuka na kuwa bonde la Ruzizi, mto unaoleta maji ya Ziwa Kivu.

Wavira ndio wenyeji wa mwambao huu. Wafuliiru wako kwenye miteremko na bondeni, Wabembe wako kusini kuelekea Fizi, Wanyamulenge wako nyanda za juu na mifugo yao, na Warundi wako ng'ambo ya Ruzizi. Kiswahili, kilichopanda kutoka Ujiji pamoja na biashara, kimekuwa lugha ya soko na ya ziwa kwa wote hao.

Kusini mwa ikweta, Juni hadi Agosti ni majira ya baridi. Huko Uvira baridi hiyo ni ya usiku na alfajiri. Mwezi wa Julai joto la usiku kwenye mwambao huteremka hadi nyuzi 17 au 18 za Selsiasi, na mvuvi anayerudi kabla ya jua kuchomoza huwa amejifunika koti. Mchana hewa ni kavu na jua ni kali. Tangu Agosti joto hupanda, na alasiri za Septemba, kabla mvua hazijashika, hupita nyuzi 30. Mvua ya mwaka mzima kwenye mwambao na bondeni ni milimita 800 hadi 1,000 hivi, kidogo kuliko ile ya milimani, kwa kuwa safu za pande zote mbili za ziwa huyanyang'anya mawingu maji kabla hayajafika chini. Kwa sababu hiyo ukavu wa kiangazi huonekana haraka: majani ya miteremko hugeuka rangi ya majivu mwezi wa Juni, na kufikia Agosti ng'ambo ya ziwa haionekani tena kwa vumbi na moshi.

Upepo unaolilisha ziwa

Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Urefu wake ni kilometa 670 hivi, upana wake wa wastani ni kilometa 50, na kina chake kikubwa zaidi ni meta 1,470. Maji yake hayachanganyiki kutoka juu hadi chini. Tabaka la juu lina joto la nyuzi 24 hadi 28, lina hewa na lina viumbe. Maji ya chini yana baridi zaidi kidogo, hayana oksijeni kabisa, lakini yamebeba rutuba yote iliyozama kwa karne nyingi. Upande wa kaskazini samaki wanaweza kuishi hadi kina cha meta 100 hivi tu. Chini ya hapo hakuna kinachopumua.

Kinachopandisha rutuba hiyo ni upepo wa kiangazi. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hupita katikati ya milima kwa kufuata urefu wa ziwa, ukiyasukuma maji ya joto ya juu kuelekea kaskazini. Tabaka hilo hurundikana upande wa Uvira na Bujumbura na kuwa nene, na upande wa kusini, karibu na Mpulungu huko Zambia, huwa jembamba kiasi cha kuruhusu maji ya chini kupanda. Upepo ukilegea mwezi wa Septemba, maji yaliyorundikana hurudi kusini, kisha hurudi tena kaskazini, na mpaka wa matabaka hupanda na kushuka kwa mizunguko ya karibu mwezi mmoja mmoja. Kwa mwendo huo rutuba huifikia pia ncha ya kaskazini. Mwani huongezeka, na kati ya Septemba na Novemba maji huweza kuonekana ya kijani. Vijidudu vinavyokula mwani huzaana, ndagala huvila vijidudu, na samaki wakubwa zaidi, mukeke na sangala, huwala ndagala.

Elimu hii ilikusanywa polepole, na Uvira ina sehemu yake katika kazi hiyo. Daktari Mbelgiji Louis Stappers alilichunguza ziwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina lake limebaki katika jina la kisayansi la mukeke, *Lates stappersii*. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Kibelgiji wa elimu ya maji ulizunguka ziwa lote. Max Poll alikuwa mtaalamu wake wa samaki. Baada ya hapo taasisi ya utafiti ya Kongo ya Kibelgiji, IRSAC, ilikuwa na kituo Uvira, na kituo hicho kimeendelea hadi leo kwa jina la Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH. Wataalamu walipima joto na oksijeni. Wavuvi walikuwa tayari wakijua kwamba upepo wa kusini ukitulia, ndagala hukaribia.

Mitumbwi na biashara ya karne ya 19

Kabla ya meli za moshi, usafiri wote wa mwambao huu ulikuwa wa mitumbwi iliyochongwa kutoka gogo moja. Miti mikubwa ilipatikana hasa kwenye milima ya Ugoma, pwani ya magharibi, na mitumbwi iliyochongwa huko iliuzwa kotekote ziwani. Mtumbwi haukukata ziwa ovyo. Ulifuata ukingo, ukatua kila jioni, na ukavuka mahali panapojulikana tu. Njia ya kutoka Ujiji kwenda Uvira ilipanda kwanza kwa pwani ya Burundi, ikavuka hadi rasi ya Ubwari, kisha ikaendelea kaskazini kwa pwani ya magharibi. Wapiga makasia walipendelea alfajiri, kwani upepo wa mchana hupandisha mawimbi, na mtumbwi uliojaa shehena haustahimili mawimbi ya ubavuni.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858. Aprili mwaka huohuo, mvua zikiwa bado zinanyesha, walipanda kaskazini kwa mitumbwi ya Kannena, mkuu wa Kawele, kijiji cha Ujiji, wakafika Uvira tarehe 26 Aprili. Walikaa siku chache tu, kwa kuwa wapiga makasia walikataa kuendelea kaskazini. Hata hivyo walipata habari waliyoitafuta: wana wa mtawala wa hapo waliwaambia kwamba Ruzizi huingia ziwani, wala hautoki. Burton, aliyetumaini kuwa amepata chanzo cha Naili, alivunjika moyo. Alirudi Kawele tarehe 13 Mei, na kesho yake, kwa maelezo yake mwenyewe, masika yakakatika. Neno la watu wa Uvira lilithibitishwa Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipofika kwenye midomo ya Ruzizi na kuyaona maji yakiingia.

Maandishi ya Burton yanaonyesha Uvira ikiwa ghala la kaskazini mwa ziwa. Palikuwa na pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma, na bei zake zilikuwa nafuu kuliko za Ujiji. Palikuwa pia na biashara ya watumwa, na hili halifichiki katika historia ya mwambao huu. Katika msimu wa biashara haikupita siku bila mitumbwi kutia nanga. Kutoka upande wa Ujiji ilikuja chumvi ya Uvinza, pamoja na nguo na shanga zilizosafirishwa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Chumvi hiyo ilikuwa na thamani kubwa milimani, na mwambao ulifaidika kwa kuwa katikati.

Msimu wa biashara ulitegemea ukavu. Misafara ya nchi kavu kati ya Unyamwezi na Ujiji ilipita kwa urahisi zaidi mito na mabwawa ya Malagarasi yalipopungua, na njia za kupanda Itombwe zilipitika pale tu ambapo udongo haukuteleza. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alieneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi kaskazini mwa ziwa, na vikosi vyake vilikamata watu na mali. Nguvu hiyo ilivunjwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwanzoni mwa 1894, na Uvira ikaingia chini ya utawala wa Kizungu, ikitazamana na Wajerumani waliojenga kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo. Mpaka wa Ruzizi uliwekwa kwa mapatano mwaka 1910.

Mwenge, karabai na Apollo

Uvuvi wa ndagala hufanywa usiku usio na mbalamwezi. Ndagala ni jina la jumla la samaki wadogo wa aina mbili wasiopatikana kiasili katika ziwa jingine, na aina zote mbili hukusanyika penye mwanga. Kwa njia ya zamani, wavuvi wawili au watatu waliondoka jioni na mtumbwi uliobeba kuni kavu au mafungu ya matete. Moto uliwashwa sehemu ya mbele, samaki wakakusanyika, na mvuvi akawachota kwa lusenga, wavu wenye umbo la pia uliofungwa kwenye mpini mrefu. Kuni ndizo zilizopima kazi ya usiku: moto ukizimika, uvuvi umekwisha. Kiangazi kiliupa uvuvi huo kuni kavu zisizo na gharama na usiku usiokatizwa na ngurumo.

Miaka ya 1950 ilibadili mambo. Taa za karabai zilichukua nafasi ya mwenge, na wavuvi Wagiriki wa Usumbura walileta nyavu kubwa za kuzungushia na meli za injini. Uvuvi huo mkubwa ulidumu kaskazini kwa miongo kadhaa, kisha ukafifia katika miaka ya 1990 kwa vita na kwa kupungua kwa samaki. Kilichobaki na kuenea ni chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu ukining'inizwa katikati na kuvutwa juu mara samaki wanapojaa chini ya taa. Chombo kikubwa cha aina hiyo wavuvi wa kaskazini hukiita Apollo. Karabai nayo imeachia nafasi taa za betri na za nguvu ya jua, ambazo haziogopi upepo wala hazihitaji mafuta ya taa.

Teknolojia hizo hazikuuondoa mwezi katika kalenda. Kila mwezi, karibu na siku za mwezi mpevu, mwanga wa taa hushindwa na mwanga wa anga, na wavuvi hupumzika. Ni siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kulipana. Vijana hulala usiku kama watu wengine, na bei ya ndagala sokoni hupanda. Kwa hiyo mwaka wa mvuvi una mizunguko miwili: mmoja wa mwezi, unaosema lini kuvua, na mwingine wa upepo, unaosema kiasi gani kitapatikana.

Nchi kavu, kazi ya ndagala ni ya wanawake kwa sehemu kubwa. Alfajiri hungoja mitumbwi ifike, hununua kwa ndoo au kwa beseni, kisha humwaga samaki juu ya mchanga na kuwatandaza. Kwenye jua la Agosti ndagala hukauka vizuri kwa siku moja au mbili. Wakati wa mvua kazi hiyohiyo huwa kamari, maana mawingu ya alasiri yanaweza kuharibu mtaji wa wiki nzima. Kwa sababu hiyo mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kujaza magunia. Ndagala kavu hupanda barabara ya Kamanyola kwenda Bukavu na milimani, ambako huliwa na bugali wa muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo. Familia ya mlimani isiyoweza kununua nyama humudu kipimo cha ndagala, na kwa njia hiyo ziwa hulisha watu wengi ambao hawajawahi kulifikia.

Mashamba, moto na mifugo

Mwezi wa Agosti mkulima wa Uvira hutazama mlima. Shamba la msimu mkuu hupandwa mvua za Septemba na Oktoba zinaposhika, hivyo kufyeka na kulima humalizwa kabla. Muhogo, mahindi na maharage hupandwa kwenye miteremko, mpunga bondeni. Msimu wa pili hufuata Februari au Machi. Kiangazi chenyewe kina kilimo chake kidogo: penye majimaji, kando ya mito na kwenye ardhi iliyoachwa wazi na ziwa, hulimwa mboga, na lengalenga ya bustani hizo hushika soko wakati mlima umekauka. Ziwa hufikia kimo chake cha juu kwa kawaida mwezi wa Aprili au Mei na hushuka hadi Oktoba au Novemba, tofauti ikiwa chini ya meta moja. Kwenye pwani tambarare kiasi hicho hutosha kutoa ukanda wa bustani.

Moshi wa Agosti hutoka kwenye moto wa nyika. Wafugaji huchoma majani makavu ili yachipue mapya, wakulima huchoma masalia ya shamba, na wawindaji walifanya hivyo zamani kufukuza wanyama. Miteremko iliyo juu ya mji imechomwa na kukatwa kuni kwa vizazi, na udongo usio na mizizi hushuka na mvua za kwanza hadi mitoni na ziwani. Kwenye nyanda za juu, Wanyamulenge huwahamisha ng'ombe wakati wa ukavu kwenda nchi za chini upande wa magharibi na kusini-magharibi, kama Lulenge na Ngandja, na kuwarudisha mvua zinapoanza. Safari hizo zilipita katika mashamba ya majirani kwa mapatano na malipo, na mapatano yalipovunjika ugomvi ulizuka. Vita vya miongo ya karibuni vimezifunga njia nyingi za mifugo.

Utawala wa Kibelgiji uliuongezea msimu mkavu kazi mpya. Wakulima wa bonde la Ruzizi walilazimishwa kulima pamba, ambayo huvunwa jua likiwa kali na bila mvua. Kalundu ikawa bandari ya Kivu ya kusini: mizigo ilishushwa kutoka melini na kupandishwa kwa barabara, na kwa muda kwa reli fupi ya bondeni iliyong'olewa kabla ya uhuru. Huko Kiliba, kaskazini mwa mji, mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari vilianzishwa katika miaka ya 1950, na kwa miaka mingi ajira ya kukata miwa ilivuta watu wa bondeni. Vita vya 1996, vilivyoifikia Uvira mwezi wa Oktoba mwaka huo, vilikisimamisha kiwanda.

Kiangazi ni pia wakati wa kujenga. Udongo wa mabonde ya mito hufinyangwa kuwa matofali, huanikwa, kisha hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni. Mwenye nyumba ya bati hukagua misumari, mwenye nyumba ya majani hubadilisha paa. Harusi hufanywa Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, njia zikipitika na mavuno yakiwa yameingia. Matumizi ya harusi, ya sare na madaftari ya Septemba, na ya mbegu huja kwa pamoja, na wanawake wa soko hujipanga katika vikundi vya kuchangiana ili kila mmoja apate fungu kubwa kwa zamu.

Maji ya nyumbani

Mji ulio kando ya moja ya akiba kubwa za maji matamu duniani umekuwa na kiu kwa miaka mingi. Maji ya bomba ya shirika la maji la REGIDESO hutoka mto Mulongwe, na mtambo wake umekuwa ukisimama mara kwa mara kwa kukosa umeme au kwa tope la mafuriko. Bomba likikauka, watu huteka mitoni na ziwani, mahali palepale wanapofulia na kuogea. Kipindupindu kimekita mizizi katika miji ya maziwa ya mashariki mwa Kongo, na Uvira huona wagonjwa karibu mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha kumbukumbu za uzalishaji wa maji wa mji na idadi ya waliolazwa katika kituo cha kipindupindu. Ulionyesha kwamba siku zilizofuata ukosefu wa maji ya bomba wagonjwa waliongezeka, na kwamba karibu robo ya waliolazwa katika miaka iliyochunguzwa ilihusiana na ukosefu huo. Matokeo hayo yalitilia nguvu kazi ya kupanua mtambo na mabomba ya mji.

Kazi ya kuchota maji ni ya wanawake na watoto, na kiangazi huifanya ndefu kwenye mitaa ya mlimani ambako vijito hupungua. Kwa upande mwingine maji ya mito huwa meupe na ya utulivu, hubeba tope kidogo, na njia ya kuyafikia haitelezi. Mvua za kwanza hubadili hali hiyo kwa siku moja: hushuka na uchafu wote uliokusanyika milimani na mitaani tangu Mei.

Ziwa linalopanda na kushuka

Mbali na mzunguko wa mwaka, Tanganyika lina mzunguko wa miaka mingi. Mto pekee unaotoa maji yake ni Lukuga, unaoondoka pwani ya magharibi karibu na Kalemie kuelekea mto Kongo. Verney Lovett Cameron aliuona mlango wake mwaka 1874, na Stanley aliukuta mwaka 1876 ukiwa umezibwa na tope na mafunjo. Ziwa liliendelea kujaa hadi kizuizi hicho kilipovunjika mwishoni mwa muongo huo. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878, alishuhudia maji yakianza kushuka, na katika miaka kumi na mitano hivi iliyofuata ziwa lilipoteza karibu meta kumi. Sehemu ya nchi ya chini ya mwambao wa leo ilikuwa chini ya maji wakati Burton alipofika Uvira au miaka michache baadaye.

Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililijaza tena, na Mei 1964 ziwa lilifikia kimo cha juu kabisa cha karne ya 20, likafunika bandari na nyumba za pwani. Kisha likashuka, na vizazi viwili vilijenga kwenye ardhi iliyoachwa wazi, wengi wakidhani kwamba mpaka wa maji umekaa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika. Makumi ya watu walikufa, madaraja yalivunjika na maelfu ya familia zilipoteza makazi. Ziwa lenyewe lilipanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likaingia katika mitaa ya pwani ya Uvira na, ng'ambo ya mpaka, huko Gatumba na Bujumbura. Katika miaka hiyo kiangazi kilipita bila mchanga wa kuanikia ndagala wala ukanda wa bustani.

Maji ya juu pia yanapata joto. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba ongezeko la joto tangu mwanzo wa karne ya 20, pamoja na upepo kupungua nguvu, limefanya matabaka ya ziwa yasichanganyike kwa urahisi. Watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 ya samaki. Upungufu huo umekuja pamoja na ongezeko la wavuvi na nyavu zenye macho madogo, na mvuvi wa Uvira hubeba athari za yote mawili bila kuwa na njia ya kuzitenganisha.

Nchi nne zenye ziwa, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mjini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Baadaye zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Tanzania ilianza kuutekeleza uamuzi huo mwaka 2024. Muda huo ni sehemu kubwa ya kiangazi, hivyo unagusa miezi ileile ambayo jua lilitumika kukausha na kuweka akiba. Ukizingatiwa, kazi yote ya ndagala kavu husongamana katika wiki kati ya katikati ya Agosti na mvua za kwanza, wakati upepo wa kusini unapolegea, samaki wanapoanza kukaribia ncha ya kaskazini na familia zinapohitaji fedha za shule na mbegu. Mafanikio ya uamuzi huo Uvira yatategemea kama wachuuzi na wavuvi watapata njia ya kuishi miezi mitatu inayotangulia, na kama pwani itabaki na nafasi ya kuanika.